Bagamoyo, Tanga, Pangani, Kilwa au Unguja: mji gani wa pwani unawafaa wastaafu wanaoishi Dar?

Mtu akiuliza mji mzuri wa pwani, wengi humjibu kwa weupe wa mchanga na rangi ya maji. Hayo ni majibu ya watu wa wikendi. Aliyepita miaka sitini, mwenye dawa za presha mkobani na goti linalogoma kupanda ngazi, ana maswali yake: hospitali iko umbali gani? Bahari ina maji saa ngapi? Barabara inapitika masika? Na usipoonekana nje siku mbili, yupo jirani wa kuja kubisha hodi?

Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa. Yeye alistaafu bandarini, mimi ualimu, tukahamia Dar es Salaam kwa sababu binti yetu ameolewa huku na wajukuu wako huku. Tumepanga Upanga. Kiswahili ni chetu, dini ni ile ile na samaki ni wale wale, lakini kisheria sisi ni wageni. Tunakaa kwa kibali cha ukaazi, na ardhi hatuwezi kununua, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Kwa hiyo ninapolinganisha miji hapa nazungumzia kupanga nyumba au kukaa nyumba ya wageni, si kujenga. Dar tunaipenda, ila foleni na makelele yake yanachosha, na tumekuwa tukizunguka pwani kutafuta mahali pa pili pa kukaa miezi kadhaa kwa mwaka. Ninayoandika ni kwa wenzetu wa rika hili.

Kwanza maji, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wa bara wanapovunjika moyo. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo huja mwezi unapoandama na unapokuwa duara kamili. Wakati huo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake, mzee aliyezoea kuoga baharini baada ya chai ya asubuhi akifika siku ya bamvua atakuta matope, majani ya bahari na mashua zimelala ubavu. Akija wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani siku tofauti hiyo inapokuwa ndogo, saa nne hiyo hiyo atakuta bahari imejaa na imetulia. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kabla hatujalipia chumba popote tunaangalia kwanza mwezi uko wapi. Hoteli yenyewe tunaiangalia baadaye.

Halafu upepo. Kusi ikivuma katikati ya mwaka kuna ubaridi mzuri wa kulala, lakini bahari ina mawimbi. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina joto zito. Kwa kuogelea sisi wazee maleleji ndiyo majira yetu, pale upepo unapobadilika na maji yanatulia.

Kigamboni

Nianze na Kigamboni kwa sababu iko mlangoni. Unavuka kwa pantoni pale Magogoni kwa dakika chache, au unazunguka na gari kupitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Kwa mtu mwenye goti bovu, darajani ni afadhali. Pantoni ikishusha, watu hutoka kwa kasi kama maji ya mfereji uliofunguliwa, na hakuna anayemsubiri mzee mwenye fimbo. Mchanga wa upande ule, kuanzia Mjimwema kwenda Gezaulole, unashinda wa Bagamoyo kwa mbali, na maji ni ya bahari kuu, safi. Siku ya katikati ya wiki unaweza kukaa chini ya kivuli mchana kutwa bila kusumbuliwa. Jumamosi na Jumapili usithubutu, muziki utakufukuza.

Kwa kuishi, tuliangalia nyumba mbili tatu tukaacha. Nyumba nyingi za karibu na ufukwe hutegemea visima, na maji ya visima hivyo yana chumvi. Mtu wa presha hahitaji chumvi ya bombani juu ya ile ya chakulani, na kununua maji ya boza kila mara ni gharama na usumbufu. Kigamboni nitakwenda kwa siku moja na kurudi. Kuhamia hapana.

Bagamoyo na Tanga, huu ndio ushindani wenyewe

Miji mingine yote ni ya kutembelea. Miji hii miwili ndiyo tuliyoipima kwa uzito, kwa sababu yote ina watu wanaoishi maisha yao bila kumtegemea mgeni wa hoteli, ina soko, misikiti, makanisa, hospitali na mafundi.

Bagamoyo ina faida moja kubwa isiyoshindika: ukaribu. Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar, lami tupu kupitia Tegeta na Bunju. Kwa wastaafu wengi jambo hili peke yake linamaliza mjadala. Mwenye kliniki ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au miadi ya kila mwezi Muhimbili, atatoka Bagamoyo alfajiri, aonane na daktari, na jioni awe amerudi kwake. Foleni ya kuingia mjini ndiyo adha yake, na asubuhi inaweza kula muda mrefu kuliko barabara yenyewe. Anayewahi kutoka anaipunguza.

Tanga ni safari ya kweli. Ni kilomita 350 hivi, kupitia Chalinze, Segera na Muheza, na kwa basi ni nusu siku na zaidi. Ukitoka upande wa kaskazini wa Dar unaweza kuikwepa Chalinze na malori yake kwa kupitia Bagamoyo hadi Msata, na ndivyo tunavyofanya siku hizi tukiwa na gari la mkwe wetu. Hata hivyo safari ni ndefu, na mume wangu lazima ashuke njiani anyooshe mguu.

Lakini Tanga nayo ina jambo ambalo Bagamoyo haina: mtu akiugua kwa ghafla, hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko pale pale mjini. Bagamoyo ina hospitali ya wilaya, na tatizo likizidi uwezo wake njia ni ile ya Dar. Kwa hiyo ni ukaribu wa aina mbili. Bagamoyo iko karibu na matibabu makubwa kabisa ya nchi ikiwa ugonjwa wako unajulikana na una miadi. Tanga inakupa hospitali ya rufaa ya mkoa dakika chache kutoka kitandani, kwa lile linalokuja bila miadi. Sisi la pili tuliliona kwa macho. Usiku mmoja presha ya mume wangu ilipanda tukiwa tumepanga chumba karibu na Raskazone. Mama wa nyumba ya pili alisikia nikifungua geti, akatoka na kanga yake, akaita bajaji ya kijana anayemfahamu, akapanda nasi mpaka Bombo na kukaa hadi mzee alipopimwa na kutulizwa. Asubuhi alituma mtoto na uji wa mchele. Hatukuwa hata tumejuana majina.

Ufukwe sasa. Nisiwadanganye, hakuna mji kati ya hii miwili wenye mchanga wa kwenye mabango ya watalii. Bagamoyo ufukwe ni mrefu na tambarare, mzuri mno kwa kutembea, lakini maji yake mara nyingi yana rangi ya udongo kwa sababu Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, na yakikupwa yanakwenda mbali sana. Tanga mji wenyewe umekaa kwenye ghuba yenye mikoko. Watu huogelea Raskazone, penye vilabu vya kuogelea. Unapata kivuli na mahali pa kuvalia, na maji ya ghuba ni matulivu hata kusi inapovuma nje. Kwa mtu asiyependa kupigwa na mawimbi, utulivu huo una thamani kuliko mchanga mweupe. Ni upande huo huo wa Raskazone ambako jeshi la Waingereza lilishuka Novemba 1914 likashindwa na Wajerumani, katika vita ambavyo nyuki walishambulia askari na kuingia historia. Mume wangu huisimulia habari hiyo kila tukipita, na haichoki.

Mambo ya kufanya, Bagamoyo inajaza siku haraka. Magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini ya mji, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ina makumbusho, na ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambako jioni utasikia ngoma za wanafunzi wakifanya mazoezi. Mji ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar, na majengo ya wakati ule bado yanaonekana, mengine yakichunguliwa na miti kupitia madirisha yaliyovunjika. Hayo yote ukishayaona, yamekwisha. Kinachobaki na kunirudisha Bagamoyo ni soko la samaki.

Nenda pale mashua zinapoingia. Samaki wanamwagwa, mnadi anataja bei kwa kasi ya mtu anayesoma uradi, na akina mama wenye ndoo wanapandisha kwa kidole tu, bila neno. Changu, tasi, kolekole, taa, pweza, na siku ya bahati nguru mzima. Mgeni asijitie mnadani, atapandishiwa bure. Subiri mnada uishe, umfuate mama aliyenunua, akuuzie fungu. Pembeni kuna vijana wa kupaa samaki: kisu kinakwenda kinyume cha magamba, mara tatu upande huu, mara tatu upande ule, matumbo nje, maji ya bahari, kwisha. Mwambie akuachie kichwa. Vijana wa siku hizi hudhani kila mteja anataka kukitupa, na mchuzi wa kichwa cha kolekole kwa nazi ndio chakula chenyewe.

Tanga haina vivutio vya kukusanya namna hiyo, ukiacha Mapango ya Amboni yaliyo kilomita chache kaskazini ya mji, na chemchemi za maji moto huko huko. Amboni ndani kuna sehemu za kuinama na kupenya kwa ubavu, na mume wangu alinisubiri nje. Lakini Tanga ina maisha ya kila siku, na hilo ndilo mstaafu anahitaji zaidi ya magofu. Mji ni tambarare, kila mtu ana baiskeli, na mtaa wa Ngamiani umepangwa kwa barabara zenye namba, hata mzee anayesahau hapotei. Ikiisha Alasiri, barazani kuna bao na drafti, kahawa chungu na kashata. Mume wangu alikaribishwa siku ya kwanza, siku ya pili akaitwa kwa jina la mtoto wetu mkubwa, Baba fulani, na siku ya tatu wakamfunga mabao mpaka Magharibi. Muziki pia. Huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyompa sauti Shakila binti Said, na sisi wa Mombasa tulikua tukizisikiliza nyimbo hizo redioni. Watanga husema "waja leo waondoka leo". Wanatania kuhusu wageni wanaokuja na kunasa. Sisi tumeona ukweli wake.

Kwetu sisi kuna hesabu nyingine ambayo kwa wengine haina uzito. Horohoro, mpaka wa Kenya, iko kilomita 60 na kidogo kutoka Tanga, na mabasi ya Dar kwenda Mombasa hupita mjini. Msiba ukitokea nyumbani tunafika siku hiyo hiyo. Kutoka Upanga haiwezekani kwa barabara bila kuvunjika mgongo. Mstaafu wa Kikenya mwenye ndugu pwani ya kwetu alifikirie hilo kabla ya yote, na pasi pamoja na kadi ya homa ya manjano vikae mkobani daima.

Pangani

Kama ningekuwa na miaka thelathini ningechagua Pangani bila kufikiri. Mji wenyewe uko mdomoni mwa mto, kilomita 50 hivi kusini ya Tanga, mdogo, mkimya, wenye nyumba za kale na minazi isiyo na idadi. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Fukwe nzuri ziko ng'ambo ya mto, Ushongo hasa: mchanga safi, minazi, watu wachache, na kisiwa cha Maziwe mbele yako. Maziwe zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa bamvua, na kasa wakitaga huko, watu wa Ushongo huyahamishia mayai ufukweni kwao ili yasiharibiwe na maji. Tulioneshwa vishimo hivyo vilivyozungushiwa vijiti, na nilifurahi kuliko mjukuu.

Lakini weka ramani mezani. Hospitali iko mjini, wewe uko Ushongo, katikati kuna mto na pantoni. Daraja linalojengwa hapo, pamoja na barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani, vitaugeuza mji huu kabisa. Ila mzee haishi kwa daraja litakalokuja. Pangani ni pa kukaa wiki moja kutokea Tanga, wakati wa maji mafu ukitaka kuoga asubuhi. Ukienda Maziwe chagua bamvua, kwa sababu kisiwa huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa.

Kilwa

Kwa mwenye kupenda historia, Kilwa haina mpinzani pwani nzima. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na Msikiti Mkuu unasimama bado na matao yake. Kutoka Kilwa Masoko unavuka kwa mashua, umbali mfupi. Kupanda na kushuka mashuani ndiko kazi. Utaingia majini mpaka magotini, na asiye na mtu wa kumshika mkono asijaribu.

Tatizo ni njia. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 300 kwenda kusini, lami, na Daraja la Mkapa la mwaka 2003 lilimaliza mateso ya kuvuka Rufiji kwa pantoni. Lakini barabara ni moja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata wilayani Kilwa na wasafiri wakakwama. Mtu anayetegemea dawa za kila siku asiende masika, na hata kiangazi abebe za ziada. Nenda Agosti au Septemba, kaa siku nne tano ukitazama ghuba ya Masoko, urudi. Mtwara na Mikindani ni njia hiyo hiyo, mbali zaidi, na sisi tumeziacha.

Unguja na Mafia

Unguja ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na kwa boti ni saa mbili tu. Tofauti kubwa ni kati ya pande zake. Paje, Bwejuu na Jambiani, mashariki, maji yakikupwa yanakwenda mbali mpaka karibu na mwamba. Utaona akina mama wakishughulikia mashamba yao ya mwani mahali ulipotarajia kuogelea, na chini kuna urumba wenye miiba. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali, kwa hiyo unaoga karibu saa yoyote. Kwa mzee Kendwa inashinda Paje waziwazi. Bei lakini ni za watalii, na nyumba nyingi za karibu na ufukwe mpaka mwaka 2025 zilikuwa zikitajwa kwa dola. Pensheni yetu ni ya shilingi. Kusi ikikolea, boti hutikisika, chukua kiti cha katikati.

Mafia ina papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ukiweza nauli ya ndege ndogo, nenda. Njia ya boti kutoka Nyamisati ni ya vijana.

Ukitaka kupanga

Utaratibu wa huku ni kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mwaka mzima ni kifungo kwa mtu anayejaribu mji. Kaa kwanza nyumba ya wageni mwezi mmoja, upite bamvua mbili na maji mafu mawili, usikie usiku kuna muziki au hakuna, uonje maji ya bomba, kisha ndipo umwite dalali. Angalia luku, mita ya umeme, iko ndani au mnachangia na wapangaji wengine. Angalia mabati na nondo za madirisha: karibu na bahari chumvi inakula kila kitu, na nyumba yenye kutu nyingi itakuvujia masika.

Mwenye kliniki ya kudumu Dar, au wajukuu anaotaka kuwaona kila Jumamosi, achukue Bagamoyo. Mwenye afya ya wastani, anayetaka baraza na majirani, na hasa mwenye ndugu ng'ambo ya Horohoro, achukue Tanga. Sisi tumechukua Tanga, nyumba ya chini isiyo na ngazi upande wa Raskazone. Mwenye nyumba alitaka mwaka, tukamwomba sita, akakubali baada ya yule mama wa bajaji kutusemea. Upanga hatujapaacha. Tutakuwa Tanga kuanzia Juni hadi Novemba, na kaskazi ikirudi na joto lake tutarudi Dar kwa wajukuu.